Damu Kwenye Makohozi, na Kifua Kikuu Hakionekani

Ndugu zangu matabibu na wauguzi wa Kanda ya Ziwa, shikamooni wakubwa, habari zenu nyote.

Mtu akikohoa damu hapa Mwanza sote tunawaza kifua kikuu, na tuko sahihi. Leo nawaletea yule ambaye makohozi yake hayakukutwa na vimelea, lakini homa bado inampanda, mgongo unamuuma kati ya mabega, sauti imeanza kukwaruza, na damu ilitoka kidogo ikakata. Huyo, tafadhali, msimpe dawa ya kikohozi akapanda kivuko kurudi Ukerewe.

Huenda bakteria wameshambulia aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Ukuta wake huliwa, ukatuna upande mmoja kama tyubu ya baiskeli iliyochubuka. Aota inaposhuka kifuani hupakana na pafu la kushoto. Uvimbe hugandamana nalo, hatimaye tundu likafunguka kwenye njia ya hewa. Sauti nayo hukwaruza kwa kuwa neva yake ya kushoto huzunguka chini ya upinde wa aota.

Wanaoongoza kuuleta ni stafilokoki na salmonela. Kwetu salmonela inanitia hofu zaidi, maana huweza kujishikiza kwenye minyoo ya kichocho, homa ikaondoka na kurudi, na kichocho tunacho tele mwambao mzima hadi visiwani. Hata kifua kikuu chenyewe, mara chache, hutoka kwenye tezi jirani kikaingia ukutani mwa aota.

Ni ugonjwa nadra, nakubali. Lakini ile damu kidogo iliyokata yenyewe ndiyo inayonikosesha usingizi: donge limeziba tundu kwa muda tu. Likiachia, iwe baada ya saa au siku kadhaa, hamtawahi hata kumfikisha barabarani.

Kwa hiyo eksirei ikionyesha kivuli kando ya aota, asichomwe sindano ya kukata kinyama kabla ya picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Hali ikiruhusu, chukueni damu ya kuotesha bakteria kabla ya antibayotiki, ambazo huendelea wiki 6 au zaidi. Dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Huhitajika upasuaji, au bomba maalumu linalopitishwa ndani ya mshipa. Pigeni simu hospitali ya rufaa ya Bugando mapema, na kwenye barua ya rufaa andikeni aota waziwazi, ili atakayempokea usiku asianze upya na makohozi.