Taa ya Injini Inayowaka na Kuzima: Usifute Kabla Hujasoma

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimepewa nusu saa na mada ina mambo mengi, kwa hiyo salamu zangu ni fupi. Mwenye swali asisubiri mwisho, anyooshe mkono tu.

Malalamiko ninayoyapokea sana gereji kutoka kwa wenye magari mapya ni haya: "Fundi, taa ya injini iliwaka juzi, jana haikuwepo, leo asubuhi imewaka tena, na sasa nimefika kwako imezima." Mwenye gari anaongea huku anaona haya, kama mzazi aliyempeleka mtoto hospitali homa ikashuka mlangoni. Na fundi mvivu humwambia kile anachotaka kusikia: "Kama imezima, basi imejirekebisha."

Haijajirekebisha. Taa kuzima ni jambo moja na tatizo kuisha ni jambo jingine, na katikati yake imekaa kompyuta yenye masharti yake. Ukiyajua hayo masharti, hutababaika, na itakuwa vigumu kupigwa hela.

Tuanze na taa hii iliwekwa kwa ajili ya nani. Wengi wanadhani iliwekwa kumlinda mwenye gari. Asili yake ni moshi. Jimbo la California kule Marekani lilikuwa linahangaika na hewa chafu ya Los Angeles, likawalazimisha watengenezaji wa magari waweke mfumo wa gari kujipima lenyewe, kuanzia magari ya 1988. Mfumo uliofuata, OBD-II, ambao ndio tunao mpaka leo, ukawa lazima kwa magari madogo yote yaliyouzwa Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kipimo chake kwa mambo mengi kilikuwa hiki: hitilafu ikiweza kufanya moshi uzidi mara moja na nusu ya kiwango kinachoruhusiwa, taa iwake. Ndiyo maana gari linavuta vizuri, halitetemeki, haliongezi ulaji wa mafuta, na taa imewaka. Wewe huoni kitu kwa sababu kinachopimwa kinatokea nyuma, kwenye ekzosi.

Sasa masharti yenyewe. Kwa hitilafu nyingi kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza. Inaandika pembeni kodi ya muda, yaani namba inayotaja hitilafu, inasubiri safari inayofuata. Ikiona jambo lile lile tena, ndipo inawasha. Na kuzima ni hivyo hivyo: ikipima safari tatu mfululizo bila kuiona hitilafu, inazima taa. Lakini kodi haifuti! Kodi inakaa kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate moto na kupoa mara 40 bila hitilafu kurudi. Lipimeni hilo pengo wenyewe, safari tatu kwa mara 40. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, hizo ni wiki kadhaa ambazo dashibodi ni safi na ushahidi wote upo ndani. Kwa hiyo usiseme umechelewa kwa kuwa umefika gereji taa imezima. Fundi akikwambia, "Rudi ikiwaka tena," hajachomeka mashine ya kusoma kodi.

Ndiyo, mama? … Mama anauliza safari ni nini, je kwenda dukani inahesabika? Mara nyingi haihesabiki. Safari kwa kompyuta ni kuwasha, kuendesha mpaka kipimo kikamilike, na kuzima. Vipimo vingine vinataka injini iwe na moto kamili, vingine vinataka gari litembee mwendo mmoja kwa muda. Mwenye gari la kwenda sokoni na kurudi anaweza kukaa na taa siku nyingi kuliko anayekwenda Chalinze kila wiki, na tatizo ni moja.

Lipo na sharti gumu zaidi, na hili hata mafundi wengi hawalijui. Injini ikimisi, yaani silinda ikishindwa kuchoma mafuta yake, au mchanganyiko wa hewa na mafuta ukienda vibaya, kompyuta haizimi taa mpaka gari lipite tena katika hali inayofanana na ile ya siku ya tukio: mizunguko ya injini isipishane zaidi ya 375 kwa dakika, mzigo wa injini usipishane zaidi ya asilimia 20, na injini iwe na moto au baridi kama siku ile. Kama ilimisi unapanda Kitonga umejaza abiria na mizigo, unaweza kuzunguka Kinondoni na Sinza mpaka uchoke, taa itabaki. Na kama ilimisi gari la baridi limesimama nyumbani, utakwenda kutafuta tatizo barabarani usilione.

Hapo ndipo panapokuja kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye mfumo huu. Kompyuta inapoandika kodi inapiga na picha ya hali ya injini wakati ule: joto la maji, mizunguko, mwendo, mzigo, marekebisho ya mafuta. Tulipokea gari ambalo taa yake ilikuwa inawaka asubuhi tu. Lilikuwa limeshabadilishwa plagi zote nne mahali pengine. Tulichomeka mashine, ikatoa P0303, yaani silinda ya tatu inamisi. Picha ikasema joto la maji nyuzi 38, mizunguko 1,100, mwendo sifuri. Kwa lugha yetu: injini haijapata moto, gari limesimama, liko sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Hakuna haja ya kulipeleka barabarani kulijaribu. Tukaliacha lilale gereji. Asubuhi tukapiga stata, nikaweka kidole kwenye soketi ya koili ya tatu nikaisukuma kidogo, injini ikatikisika palepale. Kilimi cha plastiki kinachofunga ile soketi kilikuwa kimekatika. Soketi imekalia tu, haijabana. Injini ikipata moto plastiki inatanuka na mguso unarudi. Ikilala usiku inalegea. Tulibadilisha soketi. Zile plagi za zamani zilikuwa nzima.

Sasa fikirini kama fundi wa kwanza angefanya kile kinachoitwa "kureseti". Anachomeka kimashine, anabonyeza, taa inazima, unalipa. Kwa kubonyeza mara moja amefuta kodi, amefuta picha, na amefuta matokeo ya vipimo vyote vya ndani. Tunaanza kubahatisha. Kwa hiyo kabla mtu hajagusa kitufe cha kufuta, mwambie akusomee kodi, zile za muda pia, uipige picha skrini kwa simu yako. Akikataa, chukua funguo zako.

Taa inayopepesa ni habari nyingine. Hapo injini inamisi kiasi kwamba petroli ambayo haijaungua inakwenda kwenye masega, kile kisafisha moshi kilichopo kwenye ekzosi, na kuungulia huko. Masega yanapata moto kupita kiasi na udongo wake wa ndani unaweza kuyeyuka. Punguza mafuta palepale, tafuta pa kuegesha. Mimi nisingeendelea na safari. Na jamani, taa nyekundu ya oili msiichanganye na hii ya njano. Ile ikiwaka unazima injini, hujadili.

Nini hasa kinachofanya taa iwake na kuzima kwenye gari jipya hapa kwetu? Mara nyingi ni waya, soketi au umeme mdogo, mara chache ni injini yenyewe. Gari likinunuliwa tu, wiki ya kwanza linapelekwa kuwekwa alamu na kifaa cha kulifuatilia. Fundi anachuna waya wa kiwandani, anasokota wake juu, anafunga selotepu. Joto la Dar es Salaam linalainisha gundi ya selotepu, mtetemo unamaliza kazi. Jumamosi linaoshwa, na injini inapigwa maji ya presha kwa sababu mwenyewe anataka ing'ae. Maji yanaingia kwenye soketi, taa inawaka, jua linakausha, taa inazima. Panya nao wanapenda sana maganda ya waya, hasa gari likilala karibu na banda la kuku.

Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, ya injini, ya breki, ya usukani, usianze kununua sensa. Pima betri. Injini ikiwa imezima na betri imejaa unatarajia kama volti 12.6, ikiwaka uone kati ya 13.5 na 14.7. Gari lililokaa melini na kisha bandarini linafika na betri iliyochoka. Ukipiga stata volti zinashuka na kompyuta ndogo ndogo zinapotezana kwa sekunde moja. Kagua na waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, kama umebana.

Mafuta nayo yapo. Hapa Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri, petroli na dizeli zinachanganywa na mafuta ya taa. Taa ikiwaka muda mfupi baada ya kujaza mahali usipopazoea, andika jina la kituo na utunze risiti.

Kuna gari ambalo ni jipya mkononi mwako tu, limetoka Japani au limetoka kwa jirani. Hapa nina mambo mawili. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, na ukiwasha izime. Isipowaka kabisa, ama imeungua ama mtu ameificha. Kisha chomeka mashine uangalie vipimo vya ndani. Vingi vikisema havijakamilika, huenda kodi zilifutwa juzi tu, au betri ilichomolewa. Dalali atasema ni betri. Omba muliendeshe kwanza mpaka vikamilike, kisha ndiyo mzungumze bei.

Na mwenye zero kilometa yenye waranti, kazi yako ni karatasi. Taa ikiwaka, egesha vizuri, piga picha ya dashibodi ionekane na kilomita. Andika injini ilikuwa ya moto au baridi, mvua au jua, umejaza mafuta lini. Ukifika kwa wakala wakasema hawaoni kitu, usiondoke mikono mitupu: waandike kwenye kadi ya kazi tarehe, kilomita, malalamiko yako kama ulivyoyasema, na kodi walizosoma, hata kama ni "hakuna". Uliza pia kama kuna programu mpya ya kompyuta ya gari hilo, maana wakati mwingine kiwanda chenyewe kinagundua kwamba kipimo kilikuwa kikali mno na kinakirekebisha. Waranti ina mwisho, na tatizo lililoandikwa kabla ya mwisho huo lina nguvu kuliko lile ulilolitaja kwa mdomo kaunta.

Kijana pale nyuma. … Anauliza anunue kisomaji chake mwenyewe? Nunua. Tundu lake lina pini 16, lipo chini ya dashibodi upande wa dereva. Ila magari mengine yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki na visomaji vya bei ya chini hata kama tundu ni lile lile, kwa hiyo kijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa.

Na dada huyu, la mwisho. … Taa yake iliwaka jana, leo imezima, na kesho alfajiri anakwenda Dodoma na watoto. Dada, ilikuwa inapepesa? … Haikupepesa. Gari linatetemeka? Joto limekaa kawaida? … Basi pitia mahali wakusomee kodi jioni hii, wasifute. Ikiwa ni ya kumisi, nenda na basi. Ikiwa ni ya mvuke wa mafuta, kaza mfuniko wa tenki mpaka usikie ukilia, uende zako.