Dar, Mombasa, Nairobi, Arusha: Wiki Moja kwa Begi la Mgongoni

Habari zenu watazamaji. Leo tunapanga safari ya wiki moja, miji mikubwa minne, begi moja: tunatoka Dar es Salaam, tunakwenda Mombasa, Nairobi, Arusha, halafu nyumbani. Basi, treni na miguu tu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, maana hatua zote zinaufuata. Kwenye safari fupi ya mijini, nauli ya masafa marefu haikumalizi. Inayokumaliza ni saa ya kufika. Ukishuka saa nne usiku kwenye mji usioujua, utapanda teksi ya kwanza, utalala gesti ya kwanza, na vyote utalipa bei ya mgeni. Ukishuka saa nane mchana unapata matatu (daladala za Kenya), una muda wa kukagua vyumba vitatu, na una ubavu wa kusema "hapana, asante". Kwa hiyo ratiba hii tunaipanga kuanzia saa ya kufika, tunarudi nyuma mpaka saa ya kuondoka.

Hatua ya kwanza, karatasi. Mtanzania anaingia Kenya bila viza. Unahitaji pasipoti, na kama huna, nenda ofisi ya Uhamiaji uombe hati ya dharura ya safari. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wengi huidharau kwa sababu wanaondoka salama, halafu wanakumbushwa mpakani Namanga wakati wa kurudi Tanzania. Ukishachanjwa mara moja kadi haiishi muda wake. Piga picha karatasi zote, zihifadhi kwenye simu.

Hatua ya pili, begi. Angalia hapa mezani: suruali mbili, fulana tatu, sweta, kanga moja, kandambili, kufuli dogo, taulo jembamba. Basi. Sweta usilicheke, Nairobi iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Dar akifika kule mwezi wa saba anatafuta blanketi. Kanga ni shuka, pazia, taulo la akiba na mto wa kwenye basi. Usifunge vitu kwenye mifuko ya plastiki, Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na sisi 2019. Begi lisizidi lile unaloweza kulipakata mapajani, maana kwenye matatu iliyojaa, begi kubwa utaambiwa ulilipie kiti.

Hatua ya tatu, tiketi ya treni ya Mombasa kwenda Nairobi. Ishughulikie ukiwa bado Dar, kwa sababu ndiyo inayoamua safari nzima. Nauli ya daraja la pili ilipanda kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500 Januari 2024. Shilingi yao moja hucheza karibu na 20 zetu, hesabu mwenyewe. Malipo kwa kawaida ni kwa M-Pesa ya Kenya, kwa hiyo kama una ndugu au rafiki kule, mtumie namba yako ya pasipoti akukatie. Kama huna mtu, sajili laini ya Kenya kwa pasipoti mara ukifika, kisha kata kwa *639#. Mwisho wa mwezi na sikukuu viti huisha, usijaribu bahati.

Sasa, treni ipi? Hapa ndipo wabana matumizi wengi wanajiponza. Kuna ya asubuhi saa mbili inayosimama vituo vya njiani, kuna ya saa tisa alasiri, na kuna ya saa nne usiku. Ya usiku inavutia kwa sababu "unaokoa hela ya kulala". Lakini inakufikisha Syokimau, stesheni ya Nairobi, kabla hakujapambazuka, nje kabisa ya katikati ya jiji, macho yamevimba, na ile hela ya kulala inaingia mfukoni kwa dereva wa teksi. Chukua ya asubuhi. Inafika mchana, na inapita Tsavo kweupe, kaa dirishani baada ya Voi uangalie tembo wekundu kwa vumbi, bila kulipa kiingilio cha hifadhi.

Hatua ya nne, Dar hadi Mombasa. Yapo mabasi ya moja kwa moja, lakini mengi yatakuingiza Mombasa giza likiwa limetanda. Mimi ninapenda kuikata njia Tanga. Panda basi la asubuhi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, ufike Tanga mchana, ulale huko. Gesti za Tanga ni nafuu na mji unatembeleka kwa miguu. Kesho yake asubuhi chukua Hiace ya Horohoro, mpakani. Mpaka ni wa kituo kimoja: unapigwa muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo la nchi unayoingia, kwa hiyo mambo yote unayamalizia Lunga Lunga, upande wa Kenya. Fedha badilisha kwenye duka lenye leseni mjini. Mpakani badilisha ya nauli tu, na noti uzihesabu wewe wa mwisho. Bodaboda, kubaliana bei kabla hujainua mguu.

Kutoka Lunga Lunga panda matatu mpaka Likoni. Ukishuka, fuata watu. Feri kwa mtembea kwa miguu ni bure, na ukivuka uko kisiwani Mombasa, saa za mchana, bila kudaiwa na mtu.

Kwa Mombasa tenga siku mbili, na miguu ndiyo usafiri. Mji wa Kale, Fort Jesus waliyoianza Wareno mwaka 1593, kisha jioni Mama Ngina Drive kupunga upepo. Kwenye makumbusho ya Kenya onyesha pasipoti mapema na useme unatoka Afrika Mashariki, maana kiingilio chetu ni tofauti na cha mtalii wa Ulaya. Chakula: asubuhi mahamri kwa mbaazi, jioni viazi karai na mishkaki ya barabarani. Ukiingia hoteli yenye menyu ya ngozi, hilo ni lako.

Kuhusu chumba, kanuni zangu ni chache. Ingia ukione kabla ya kulipa. Jaribu komeo, fungua bomba, tazama chandarua kama kina matundu. Uliza kama kuna baa chini au jirani. Chumba cha bei poa juu ya baa utakilipia kwa usingizi.

Siku ya treni, toka alfajiri. Stesheni iko Miritini, kando ya mji, na kuna ukaguzi: mabegi yanapangwa chini mbwa wayanuse, halafu mashine. Fika angalau saa moja kabla. Kisu cha kumenyea maembe kiache.

Hatua ya tano, Nairobi. Ukishuka Syokimau utaitwa na madereva kumi. Wapite, panda treni ya abiria wa mjini inayounganisha hadi stesheni ya kati. Ukitoka pale uko jijini tayari. Karibu na stesheni kuna bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, palipolipuliwa ubalozi wa Marekani mwaka 1998, siku ileile na ule wa Dar. Mtanzania asiipite. Panda Moi Avenue ukaone Nyaraka za Taifa, ndani kuna sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Mchana kula kibandani, chapati na maharage. Simu usiishike dirishani mwa matatu, na jioni lala mapema karibu na steji utakayoondokea.

Hatua ya sita, Arusha. Toka Nairobi asubuhi. Shato, yaani basi dogo la moja kwa moja, ni raha. Wa mfuko mdogo anapanda matatu hadi Namanga, anagonga muhuri, kisha gari dogo hadi Arusha. Kadi ya njano iwe mkononi. Noti za Kenya zilizobaki badilisha hapo. Sarafu hazibadiliki, zinywee chai upande wa Kenya kabla hujavuka. Arusha kuna Makumbusho ya Azimio, soko kuu, na mtori wa kukufuta baridi.

Hatua ya mwisho ndiyo pekee ninayokuruhusu kusafiri usiku. Mabasi ya usiku yalirejeshwa Oktoba 2023, na ukiondoka Arusha jioni unafika Mbezi alfajiri au asubuhi, yaani saa inayokufaa: daladala zinaanza kuita, na gesti huhitaji tena, uko kwenu. Kata tiketi ya kielektroniki ofisini, siyo kwa mpiga debe, na uangalie kama jina na namba ya kiti ni vyako kabla hujatoka dirishani.