Uyoga wa Mario: namna ya kuukamata kabla haujaingia shimoni

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tuko kwenye Super Mario Bros., ile ya mwanzo kabisa iliyotoka Japani Septemba 1985, na tutabaki kwenye levo moja tu, ile ya kwanza kabisa, iitwayo 1-1. Nataka kuwaonyesha uyoga: unatokea wapi, unaelekea wapi, na unaupataje. Wengi wetu tuliicheza hii kwenye TV gemu za kaseti ya njano, tukawa tunaukimbiza uyoga mpaka tunatumbukia nao shimoni. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi, kwa hiyo somo hili nalipenda kwa dhati.

Kabla sijaanza, elewa kitu kimoja. Mario hapa hana ule mstari wa nguvu unaopungua kidogokidogo kama wa Mega Man, shujaa wa gemu nyingine. Afya yake ni umbo lake. Akiwa mdogo, adui akimgusa ubavuni amekufa. Akila uyoga anakuwa mkubwa, na akiguswa anarudi kuwa mdogo, lakini anaishi. Uyoga mmoja ni nafasi moja ya kukosea. Ndiyo maana nasema usiudharau.

Haya, tumeanza. Nenda kulia. Kisanduku hiki cha kwanza chenye alama ya kuuliza kina sarafu tu, ukitaka kigonge. Huyu anayekuja ni adui, anaitwa Goomba. Mtazame vizuri: naye ana umbo la uyoga, rangi ya kahawia, macho ya hasira. Mrukie kichwani, asikusumbue.

Sasa simama hapa. Nasimamisha picha kidogo muone. Juu yetu kuna mstari wa matofali matatu na visanduku viwili vilivyochanganyika. Tunachokitaka ni kisanduku cha kushoto. Ingia chini yake, bonyeza A, kitufe cha kuruka, gonga kwa kichwa. Umeona? Uyoga unapanda taratibu kutoka ndani, kisha unaanza kuteleza kwenda kulia. Shika hilo, maana kazi yote iko hapo: uyoga ukitoka, unakwenda kulia. Haukutafuti wewe, wala haukukimbii.

Hapa usifanye kitu. Toa kidole kwenye pedi kama unajiogopa. Uyoga unapita juu ya matofali, unaanguka mwisho wa mstari, unateleza chini mpaka kwenye lile bomba la kijani, unaligonga, na huo hapo unarudi kushoto. Unakuja wenyewe mpaka miguuni kwako.

Hili halikutokea kwa bahati. Shigeru Miyamoto, mmoja wa waliobuni gemu hii, alishaeleza kwamba mchezaji mgeni, akiwa ametoka kukutana na Goomba, atauona uyoga na kuuogopa. Bomba likaurudisha kwake, hata akijaribu kuukwepa aguswe nao, agundue kwamba ni kitu kizuri. Mimi hupenda sana kusimama hapa na kulitazama bomba hili. Kaka yangu mkubwa hakuwahi kusikia habari za Miyamoto, lakini aliniambia maneno yaleyale akiwa amekaa nyuma yangu kwenye mkeka: "Uache, dogo, utarudi."

Tazama tunapougusa. Kila kitu kimeganda, adui wamesimama, Mario anapepesa mdogo-mkubwa, mdogo-mkubwa, halafu amekua. Tumia huo muda mfupi kutazama mbele yako kuna nini. Sasa ukigonga tofali tupu kwa kichwa linavunjika. Mdogo huwa analitikisa tu.

Tusonge. Ruka mabomba yote manne. Kati ya bomba la nne na shimo la kwanza kuna sehemu inaonekana tupu. Fika karibu na katikati yake, ruka. Hapo! Kisanduku kilichofichwa, na uyoga wenye kijani. Huu haukukuzi, unakuongezea maisha moja. Nao unakwenda kulia, na kulia kuna shimo, hatua chache tu. Ukishagonga usisubiri, ufuate mara moja.

Sasa tumevuka shimo, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza. Mstari mfupi: tofali, kisanduku, tofali. Ukifika hapa ukiwa mkubwa, kisanduku kinatoa ua la moto, linalomwezesha Mario kurusha moto, na ua halitembei, linakusubiri palepale juu. Ukifika mdogo, kinatoa uyoga. Nimejiachia niguswe makusudi ili muone. Mario anamemeteka, na kwa muda huo adui wanapita bila kumdhuru. Shimo halijali kumemeteka, ukianguka umeanguka.

Sasa nagonga kisanduku. Uyoga unatoka, unakwenda kulia, unaanguka chini, na safari hii hakuna bomba. Kuna shimo jingine. Yule aliyezoea kusubiri pale mwanzo, akisubiri hapa ameukosa. Kwa hiyo, kabla ya kugonga kisanduku chochote, tazama kwanza kulia kwake kuna nini. Ukiona bomba, tulia. Ukiona shimo, gonga na uondoke palepale uukute unapoangukia. Angalia pia juu kulia, kuna Goomba wawili watashuka kukulaki.

Ukichelewa, kuna njia moja ya kuuokoa. Uyoga ukiwa bado juu ya lile tofali la kulia, simama chini ya tofali, mwili wako ukiwa kulia kidogo kuliko uyoga, kisha gonga. Narudia polepole: uyoga unaruka kidogo, unageuka, unakwenda kushoto. Kushoto nako kuna lile shimo tulilovuka, lakini sasa una nafasi ya kuufuata.

Jambo moja la mwisho kuhusu ua la moto. Katika gemu hii, ukiwa na moto ukaguswa, hushuki kuwa Mario mkubwa. Unarudi mdogo moja kwa moja. Moto ni silaha, sio afya ya ziada, kwa hiyo usijitupe kwa adui ukidhani una akiba mbili.

Zoezi la leo: anza 1-1, pita kisanduku cha kwanza cha uyoga bila kukigusa, fika kwenye kile cha pili ukiwa mdogo, ukamate uyoga kabla haujafika shimoni. Ukishaupata mara tano mfululizo, jaribu tena, safari hii kwa kuugeuza kushoto.