Lita ya petroli inavyopata bei yake hapa Dodoma

Mabibi na mabwana, wanafunzi wetu, habari za jioni. Swali lililotangulia kufika mezani ni hili: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, megawati 2,115, mbona petroli haishuki? Haishuki kwa sababu hivyo ni vitu viwili. Umeme wetu karibu wote tunauzalisha wenyewe, kwa maji na kwa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Mafuta ya magari tunayaagiza yote, hadi tone la mwisho, yakiwa yameshasafishwa.

Shikeni kalamu. Huko Ghuba ya Uarabuni mafuta yanauzwa kwa tani, sisi tunajaza kwa lita. Tani ya petroli hutoa takriban lita 1,350. Dizeli ni nzito zaidi, tani yake hutoa kama 1,190. Kwa mfano tu, tani iwe dola 700 na dola iwe shilingi 2,500. Hapo lita ni shilingi 1,296, mafuta matupu. Dola ikipanda kufikia 2,600, zimeongezeka shilingi 52 ilhali bei ya dunia haijatikisika.

Juu yake weka usafiri wa meli na bima, gharama za bandari, ushuru wa bidhaa, tozo, faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, na kwetu wa bara, nauli ya lori kutoka bandarini. Meli ikikaa nangani ikisubiri kushusha, malipo ya ucheleweshaji nayo humwangukia mnunuzi.

Hapa ndipo watu wengi hukasirika bila sababu. Ushuru na tozo kubwa hutozwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita, si kwa asilimia. Tuseme vyote hivyo vya juu ni shilingi 1,300, jumla 2,596. Bei ya dunia ikianguka nusu nzima, lita inakuwa 1,948. Bei imepungua robo tu, wala hakuna aliyekuibia.

Wizi wenyewe una sura nyingine. Mafuta ya taa yalipokuwa na ushuru mdogo, wajanja walichakachua dizeli kwa kuyachanganya humo. Ndiyo maana mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ukakaribia wa dizeli. Faida ya kuchanganya ikayeyuka, ila mwenye kibatari kijijini ndiye aliyelipia dawa hiyo, na kwa maoni yangu hilo halikusemwa vya kutosha. Vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho inayowekwa kwenye mafuta ya soko la ndani, husaidia pia kukamata mafuta ya kwenda nchi jirani yanayoshushwa njiani.

Je, umeme hauwezi kupunguza mafuta tunayoagiza? Unaweza, pale tu unapochukua kazi ya injini. Treni ya SGR iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 inatumia umeme. Kila abiria anayeacha basi anapunguza dizeli. Lori la mahindi la Kibaigwa bado linakunywa ile ile.

EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Msisome ya Dar es Salaam mkabishana na mhudumu wa pampu. Tafuteni mstari wa wilaya yenu, au pigeni *152*00# mfuate maelekezo. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya hapo, si juu. Na daini risiti.