Masta ya Pili Baada ya Arobaini

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Kaka Baraka, Jumanne umepokea barua ya udahili. Uhasibu, masta ya pili hiyo.

BARAKA: Nimeipokea, na wananidai jibu. Nina miaka 46. Serikalini kustaafu kwa lazima ni 60. Nikimaliza na 48, inabaki 12 ya kuitumia.

REHEMA: Ukimaliza na 48. Darasani watu wanapita, wanakwama kwenye tasnifu. Kibali cha utafiti umekihesabu?

BARAKA: Si barua ya chuo tu?

REHEMA: Hiyo ndiyo kwanza safari inaanza. Unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, naye anakuandikia kwa mkurugenzi wa manispaa. Ndipo ufike shuleni au zahanati. Kila meza ina nakala yake na mhuri wake.

BARAKA: Mihuri yote hiyo!

REHEMA: Kwa wilaya moja. Ukichukua Temeke na Ilala, ngazi ya wilaya unaanza upya. Na barua ikitaja Temeke peke yake, Ilala wanakurudisha chuoni. Isome kabla haijagongwa mhuri: mada iwe ileile ya pendekezo lako la utafiti, wilaya zote ziwemo, tarehe zitoshe. Tarehe ndiyo inaumiza watu. Mtu anaomba mwezi mmoja, nusu inaliwa na foleni za ofisini, shule zinafunga Juni, kibali kinakwisha madodoso yangali kwenye begi.

BARAKA: Basi mimi wilaya moja inanitosha, na niombe miezi mitatu.

REHEMA: Hapo sawa. Ila kwa uhasibu, muda huo wote mimi ningeuweka kwenye CPA, sifa ya kitaaluma ya mhasibu. Masta peke yake haitoshi kusajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, kuwa mhasibu mwenye CPA. Lazima ufaulu mitihani yao.

BARAKA: Dada, mimi nataka kufundisha chuoni. Masta yangu ya kwanza ni ya rasilimali watu, nani atanipa somo la uhasibu?

REHEMA: Wakikuajiri wanaangalia hadi GPA, wastani wa alama, ya shahada ya kwanza. Masta ya pili haiifuti ile.

BARAKA: Yangu inaridhisha. Na CPA peke yake hainipi cheo cha uhadhiri.

REHEMA: Inakupa mkate hata chuo kisipokuita. Hilo silegezi.

BARAKA: Wala mimi. Kufundisha ndiko ninakokutaka, siyo ofisi nyingine ya vitabu.

REHEMA: Jamani, fundi mitambo ananionyesha dakika moja. Tulipanga mambo matano: ada, ruhusa ya mwajiri, ratiba ya jioni…

BARAKA: Hatujagusa hata moja, mihuri imekula kipindi.

REHEMA: Ada basi wiki ijayo. Wenye CPA tuandikieni.

BARAKA: Na wenye masta mbili pia!