Usimfinye Mlangoni

Wazee shikamooni, vijana habari zenu. Mugonile kwa wa Tukuyu, kamwene kwa mliotoka Iringa. Mmesikia mlivyoitikia? Sasa mbona mtoto wa miaka sita akifika kwa watu anaganda kama nguzo, na mama amebana meno, "Salimia!", huku anamfinya bega? Mtoto huyo hajakosa adabu. Anafanyishwa mtihani wa somo ambalo nyumbani hakufundishwa.

Adabu ya ugenini inafanyiwa mazoezi nyumbani, Jumamosi jioni, dakika kumi. Mtoto atoke nje, mlango ufungwe, baba awe mwenyeji, na asicheke. Mtoto apige hodi, ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, arudie. Mara tatu kimya, arudi alikotoka. Kuchungulia dirishani hakuna. Akisikia "karibu" asiingie mbio: avue viatu, avipange pembeni, hasa masika, maana matope yetu mnayajua. Asalimie mkubwa mmoja mmoja, akianza na mwenye umri zaidi, na asubiri "marahaba" kabla ya kuhamia kwa mwingine. Ile "shikamooni" moja ya kurushwa sebuleni kama mahindi kwa kuku, hapana.

Wapo watakaosema watoto wa siku hizi wana haki zao. Wanazo. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hiyohiyo mnayoitaja, kifungu cha 15 kinampa mtoto wajibu wa kuheshimu wazazi, walezi na wakubwa. Someni mpaka huko. Na mwenye aibu je? Asalimie kwa sauti ndogo, inatosha. Ila kukumbatiwa au kupakatwa na mgeni asilazimishwe. Hiyo si adabu, na tusiichanganye na adabu.

Sasa maji ya kunawa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Mnampa mtoto wa miaka saba jagi la lita mbili, limejaa pomoni. Mkono unatetemeka, maji yanamwagika mapajani kwa mgeni, mtoto anapigwa kofi. Kosa ni la aliyejaza jagi! Weka lita moja, inanawisha watu watano. Julai hii yetu maji yawe vuguvugu. Jaribu kwa kiwiko chako, si kwa kidole cha mtu aliyezoea jiko. Taulo begani, sabuni kwenye kisahani, beseni mkono wa kushoto. Kama beseni ni zito, alitangulize chini au kwenye kistuli, ashike jagi kwa mikono miwili. Aanze na mgeni mzee, amimine uzi mwembamba, asite kumimina mgeni akipaka sabuni, kisha amimine tena. Macho yake yawe kwenye mikono ya mgeni, siyo kwenye televisheni. Maji machafu asiyamwage mlangoni watu wanapopita.

Mwanzoni ananawisha kaka na dada zake tu. Akimwaga, apewe tambara afute, basi. Wiki mbili hivi, mgeni akija hahitaji kuambiwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mezani, basi, haraka: ale ugali wa upande wake, asichimbe katikati, nyama asubiri agawiwe, asiulize "kuna nini leo" wala kufungua friji la watu. Akishiba aseme asante kwa chakula, kisha anawe. Akipewa hela, mia tano au elfu, akutazame wewe kwanza, apokee kwa mikono miwili. Na wewe usimnyang'anye mkifika barabarani, maana siku nyingine ataificha. La simu nililiandaa, nalo linataka saa nzima, tuliache.

Naambiwa chakula kiko tayari. Lile jagi pale mlangoni limejaa mpaka mdomoni, na aliyelishika ni mtoto. Mtu alipunguze, tafadhali.