Uliza Gari, Usitaje Njia

Afande Mkuu wa Chuo, wakufunzi, na ninyi maluteni mlioketi mbele yangu, asanteni kwa kuniita. Nimestaafu, lakini utumishi wangu mwingi niliumalizia karakana, na mpaka leo nimo katika makundi mawili matatu ya WhatsApp ya mafundi na maafisa wa usafirishaji. Humo nilikutana na ujumbe ambao nataka tuukague leo kama tunavyokagua silaha, kipande kwa kipande.

Uliingia saa tatu usiku. Kikosi sikitaji, wala nchi. Luteni mmoja aliandika: "Wakuu, msaada wa haraka. Malori yetu matatu kati ya matano yanazima njiani. Tunatoka kesho kutwa alfajiri kupeleka mafuta kituo cha mbele, na barabara ni hii moja. Nani anajua tatizo?" Akatuma na picha: boneti ya lori iko wazi, na nyuma yake linaonekana tangi la maji na lango la kambi.

Usomeni tena. Juu ya ugonjwa wa gari kasema neno moja tu, yanazima. Asiyetutakia mema kapewa idadi, siku, saa, mzigo, njia, na sura ya lango. Fundi aliyetaka kumsaidia hakupewa kitu cha kushika. Majibu yalimiminika, yote ya kubahatisha: badilisha filta, angalia pampu, hiyo dizeli imechakachuliwa.

Sisi tumefundishwa kulinda majibu. Mgeni akikuuliza mko wangapi, unajua kunyamaza. Lakini ukiwa wewe ndiye mwenye shida, usiku, una haraka, na unaoongea nao unawaita ndugu, unayamwaga mwenyewe bila kuulizwa. Miaka yote niliyokaa kwenye makundi haya, siri nyingi nilizoona zikitoka zilitoka ndani ya maswali.

Mengine hutoka hata bila kuandika. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kupima mbio na mazoezi, ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha njia walizopita watumiaji wake. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akabaini kwamba huko Syria na Afghanistan, ambako wenyeji wanaotumia programu hiyo ni wachache, mistari iliyong'aa ilikuwa inachora kambi za wanajeshi wa kigeni. Watu walikuwa wanakimbia mchakamchaka wao wa asubuhi, saa ya mkononi imewashwa.

Halafu kuna ubishi. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa War Thunder, mchezo wa vita wa kwenye kompyuta, aliyejieleza kuwa mtu wa vifaru, aligombana na wenzake kwamba kifaru cha Uingereza, Challenger 2, hakikuchorwa sawasawa ndani ya mchezo. Ili ashinde, akaweka kurasa za mwongozo wa kifaru chenyewe. Baadaye mwaka huohuo ikawa zamu ya kifaru cha Ufaransa, Leclerc. Haya yote kwa ajili ya mchezo! Nawaomba mnisikilize hapa, kwa sababu udhaifu huu huwapata wenye ujuzi, na ninyi ndiyo kwanza mnaanza kuupata. Mtu akikuambia "wewe hujui kitu, thibitisha", weka simu mezani, toka nje ukapunge upepo. Wapo wanaochokoza makusudi, wakijua askari aliyedharauliwa husema mengi kuliko aliyeulizwa kwa upole.

Turudi kwenye lori. Yule luteni nilimwandikia pembeni. Kijana akikosea namna ya kuuliza hafokewi mbele ya watu mia. Ukimwaibisha hatauliza tena, na siku moja atanyamaza juu ya breki. Nilimwambia afute ujumbe na picha, kisha aende kwa afisa usalama wake amweleze kila kitu, ujumbe umekaa muda gani na kundi lina watu wangapi. Kufuta hakumfuti macho aliyekwisha kuona; safari ile ilibidi wakubwa wake waiamue upya. Halafu nikamuuliza: lilipozima mara ya mwisho ulikuwepo? Hakuwepo. Nani alikuwepo? Dereva, koplo. Umemuuliza? Kimya.

Kimya hicho nakifahamu, maana nami nilikuwa luteni. Nyota ni mpya begani, na unaona koplo akijua hujui basi heshima imekwisha. Kwa hiyo unawauliza watu mia usiowajua sura, unamwacha mtu anayelala mita 50 kutoka kwako, aliyekaa chini ya malori miaka 15. Koplo yule hakudharau ukimuuliza. Anakudharau ukijifanya.

Akaenda. Baada ya dakika 40 akaleta swali jingine kabisa: "Shikamooni wakuu. Lori la dizeli linavuta vizuri kama saa moja, halafu linapoteza nguvu na kuzima. Likipumzika kidogo linawaka. Filta ni mpya, hewa tumetoa, hakuna panapovuja. Dereva anasema akifungua mfuniko wa tangi anasikia hewa ikinyonywa kuingia ndani. Tuanzie wapi?"

Oneni salamu na swali vimekaa pamoja. Ipo tabia yetu ya kuandika "shikamooni", mtu anasubiri aitikiwe, kisha "samahani, nina swali", anasubiri aambiwe uliza. Ana kwa ana hiyo ni adabu nzuri sana. Kwenye kundi, simu za watu mia zimeshalia mara tatu na shida hawajaijua. Oneni pia ametaja aliyokwisha kujaribu, basi hakuna wa kumrudisha kwenye filta. Mahali, siku na idadi havimo, na wala havikuhitajika.

Sajini mmoja mstaafu akamjibu kwa mstari mmoja: tundu la hewa la mfuniko limeziba, mafuta yakipungua tangini hewa haiingii, pampu inabaki kuvuta utupu.

Yapo pia maswali yasiyoulizwa kabisa, hata yakiwa na umbo zuri. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, na picha za askari waliouawa zikasambaa mitandaoni. Siku za namna hiyo kila kundi hujaa "nani kafa?", "kikosi gani?", "mwenye majina ayatume". Najua linaulizwa kwa uchungu. Lakini humo kundini yumo shemeji wa marehemu, yumo mtoto anayetumia simu ya baba. Mke wa askari anastahili kupata habari kutoka kwa afisa aliyesimama mlangoni kwake, amevua kofia, pamoja na kiongozi wa dini. Ukiona swali hilo usilijibu, hata kama jibu unalo. Mwandikie pembeni aliyeuliza, alitoe.

Nimalizie na lile lori. Wengi wakishasaidiwa hupotea, na anayekuja kupekua mazungumzo mwaka ujao hukuta majibu kumi asijue lipi lilikuwa kweli. Luteni wetu alirudi kesho yake jioni. Aliandika: "Lilikuwa tundu la mfuniko, limejaa tope. Tumelizibua kwa waya, tumeosha kwa dizeli, tumeendesha saa mbili halijazima. Asante sana sajini. Na shukrani kwa koplo wangu, ndiye aliyeisikia ile hewa."